Hergé: alichora Kongo bila kuikanyaga

Wengi wetu tulimjua Tintin utotoni, kwa mkubwa fulani aliyekuwa na buku moja au mawili yamepasuka-pasuka. Kuna watu wazima wanaoyatafuta mpaka leo, wanafungua kila karatasi la muuza vitabu vya zamani, wanalipa bei ambayo bibi wa nyumba hapaswi kusikia. Lakini Mukongomani anayekusanya vitabu hivi anakutana na kimoja kinachomhusu yeye mwenyewe, Tintin au Congo. Ili kukishika mkononi vizuri, inafaa kujua maisha ya mtu aliyekichora.

Georges Remi alizaliwa tarehe 22 Mei 1907 huko Etterbeek, Bruxelles, inchini Ubelgiji. Toka mdogo alikuwa mtu wa kuchorachora kwenye madaftari ya shule. Alikuwa skauti, na uskauti ulimuingia sana: mwaka 1926 alianza kuchora hadithi za Totor, kijana skauti, katika gazeti la maskauti wa Ubelgiji. Jina Hergé ni herufi za mwanzo za jina lake zikigeuzwa, R na G, ukizisoma kwa Kifaransa.

Alipata kazi kwenye Le Vingtième Siècle, gazeti la kikatoliki lililoongozwa na padri Norbert Wallez. Padri alimpa nyongeza ya watoto, Le Petit Vingtième, iliyoanza kutoka Novemba 1928. Tarehe 10 Januari 1929, Tintin na mbwa wake Milou walianza safari yao ya kwanza humo, kwenda kwa Wasovieti. Watoto walipenda sana. Kwa safari ya pili Hergé alitaka Marekani, lakini Wallez alikataa: Kongo kwanza. Nia yake ilikuwa kuwafanya vijana wa Ubelgiji waipende koloni na wakubali kwenda kufanya kazi kule. Hergé alikuwa na miaka 23, mkubwa amesema, akachora. Hadithi ilitoka kuanzia Juni 1930 mpaka Juni 1931, halafu ikawa kitabu.

Sasa, alichora nini wakati hakuwa amefika? Alichukua vitu kwenye makumbusho ya Tervuren, kwenye picha, na kwenye maneno ya wazungu waliorudi. Mfano mmoja unatugusa sisi wa mashariki. Yule mtu-chui wa kitabuni, mwenye makucha ya chuma, alitoka kwenye sanamu ya Tervuren iliyotengenezwa na Paul Wissaert. Sanamu ile ilisema kuonyesha anioto, habari ya kaskazini-mashariki ya inchi yetu. Basi hofu za koloni ziligeuka sanamu Ubelgiji, sanamu ikageuka kichekesho cha watoto.

Njo hapa shida iko. Ndani ya kile kitabu mababu zetu wamechorwa kama watoto wakubwa: wavivu, waoga, mwishoni wanaabudu kijana mzungu pamoja na mbwa wake. Wanyama wanauawa ovyo, hata kifaru mmoja analipuliwa kwa baruti. Ni miaka ya fimbo, ya kodi na ya kazi ya lazima, lakini hakuna hata ukurasa mmoja unaosema. Na isisemwe kwamba hakukuwa Mukongomani wa kuuliza. Miaka ya 1920, Paul Panda Farnana, agronome aliyesoma Ulaya na kupigana vita ya kwanza upande wa Ubelgiji, alikuwa Bruxelles pale pale, na chama chake Union Congolaise kilikuwa kimeanza 1919.

Ninasema hivyo kwa sababu miaka michache nyuma Hergé alionyesha kwamba anaweza kujifunza. Mwaka 1934, alipotaka kumpeleka Tintin China, padri mmoja aliyehudumia wanafunzi Wachina alimwomba awe mwangalifu, akamkutanisha na Zhang Chongren, aliyesomea uchongaji Bruxelles. Wakawa wanakaa pamoja, Zhang anaeleza inchi yake, anaandika herufi za Kichina zinazoonekana kwenye kuta za michoro. Le Lotus bleu ikatoka tofauti kabisa: Wachina wana akili na maumivu yao, na uvamizi wa Wajapani unaonyeshwa wazi. Toka pale Hergé alifanya uchunguzi kabla ya kuchora. Zhang alirudi kwao, wakapoteana miaka mingi, wakaonana tena Bruxelles 1981. Kongo haikupata Zhang wake.

Wakati wa vita ya pili alichora kwenye Le Soir, gazeti lililokuwa mikononi mwa Wajerumani, na baada ya ukombozi alikamatwa mara kadhaa. Septemba 1946 alisimama tena na gazeti jipya lililoitwa Tintin. Mwaka ule ule alichora upya kitabu cha Kongo kwa rangi. Alipunguza mambo ya koloni, lakini midomo mikubwa na upumbavu wa watu alivibakiza. Uzeeni alikubali kwamba alichora kwa mawazo ya mazingira yake, akihesabu kile kitabu kati ya makosa ya ujana. Alifariki tarehe 3 Machi 1983, Tintin et l'Alph-Art ikiwa haijamalizika.

Mwaka 2007 Mukongomani mmoja anayeishi Ubelgiji alipeleka Tintin au Congo kortini ili kizuiliwe. Mwaka 2012 korti ya Bruxelles ilikataa. Uingereza, maduka mengine yalikihamisha kwenye rafu ya watu wazima, na mimi naona pale ni mahali pake. Kinshasa, wachongaji wanauza sanamu za Tintin kwa wasafiri. Wao angalau wanakula juu yake.

Kwa wakusanyaji, pesa kubwa iko kwenye karatasi alizochora kwa mkono: mchoro mmoja aliouandalia jalada la Le Lotus bleu uliuzwa Paris mwaka 2021 kwa zaidi ya milioni 3 za euro. Sisi wa vitabu vya kawaida tunaangalia jalada la nyuma: orodha ya vitabu vingine inaishia wapi? Jina la mwisho linakuonyesha nakala ni ya kipindi gani. Kwa kile cha Kongo, fungua ukurasa wa shule. Toleo la zamani, lisilo na rangi, Tintin anawafundisha watoto weusi kwamba inchi yao ni Ubelgiji. Kwenye lile la 1946, ubao una hesabu ya kujumlisha. Ukiona somo la Ubelgiji usikimbilie kulipa, juu toleo la kwanza limechapishwa upya toka 1973, na karatasi yake ni nyeupe mno kwa kitu cha 1931.