H. G. Wells na Vita vya Hewani

Tarehe 21 Septemba 1866, katika mji wa Bromley, karibu na London, alizaliwa mtoto aliyeitwa Herbert George Wells. Babaye alikuwa na duka dogo la vyombo vya udongo, lakini halikuleta faida, basi akaongeza riziki yake kwa kucheza kriketi kwa malipo. Mamaye alikuwa ametumika katika nyumba za matajiri kabla ya kuolewa.

Mwaka 1874 mtoto huyu alivunjika mguu, akalazwa kitandani siku nyingi. Msiba huo ukageuka kuwa baraka, maana babaye alimletea vitabu, naye akasoma habari za nchi za mbali na za wanyama. Tangu hapo hakuacha kusoma. Lakini mwaka 1877 baba naye alivunjika mguu, asiweze tena kucheza, na umaskini ukazidi nyumbani. Hata mwaka 1880 mama akarudi kazini, akawa msimamizi wa watumishi katika nyumba kubwa iitwayo Uppark. Herbert alipokwenda kumwamkia, alikuta humo vitabu vingi. Tena katika chumba cha juu aliona vipande vya darubini ya kale. Akaviunga mwenyewe, akautazama mwezi usiku.

Mama alitaka mwanawe awe mwuza nguo, akamtia katika duka moja la Southsea ili afundishwe kwa miaka minne, naye alikuwa amekwisha kulipa fedha nyingi. Kijana alifanya kazi saa 13 kila siku, akalala na wenzake katika chumba kimoja, wala hakupata nafasi ya kusoma. Alivumilia miaka miwili. Kisha siku moja mwaka 1883, alfajiri, kabla hajala kitu, akaenda kwa miguu maili kama 17 hata Uppark, akamwambia mamaye kwamba hawezi kuendelea. Mama akahuzunika, lakini mwisho akakubali. Herbert akawa mwalimu msaidizi katika shule ya Midhurst, akifundisha wadogo mchana na kujisomea usiku. Alishinda mitihani vizuri, hata serikali ikamlipia masomo ya sayansi huko London mwaka 1884. Hapo alifundishwa elimu ya viumbe na mtaalamu mkuu Thomas Huxley.

Baadaye akawa mwalimu, lakini aliumia vibaya katika mchezo wa mpira, kisha akaanza kutapika damu. Mwaka 1893 alikuwa mgonjwa mno hata akaacha kufundisha, akaishika kalamu. Miaka miwili baadaye kitabu chake juu ya mashine ya kusafiri katika nyakati kilimpa sifa, na mwaka 1898 kingine kikaeleza jinsi watu wa nyota ya Mars walivyoishambulia Uingereza.

Mwaka 1908 alitoa kitabu juu ya vita vya hewani. Wakati huo eropleni ilikuwa kitu kigeni. Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walikuwa wameruka mara ya kwanza mwaka 1903, na safari yao ya kwanza ilidumu sekunde 12 tu. Lakini Wells alitazama mbele. Katika hadithi yake, Bert Smallways, fundi maskini wa baiskeli, anachukuliwa na puto bila kutaka mpaka Ujerumani. Huko anaona merikebu nyingi za hewani zikiondoka kwenda Marekani, naye yumo ndani ya moja. Zinauangamiza mji wa New York kwa mabomu. Kisha mataifa mengine yanaingia vitani, na miji ya dunia inateketea.

Fikira kubwa ya kitabu ni hii: merikebu ya hewani yaweza kuuchoma mji, lakini haiwezi kuutawala. Basi kila taifa laweza kumharibu adui yake, wala hakuna hata moja liwezalo kushinda. Fedha zinapoteza thamani, njaa inaingia, kisha tauni inafuata. Mwisho mzee mmoja anamsimulia mtoto habari za siku zilizopita, na mtoto anauliza kwa nini watu hawakuvikomesha vita. Mzee anasema kwamba havikupasa kuanza kamwe.

Miaka saba tu ikapita. Mwaka 1915 merikebu za hewani za Wajerumani ziliitupia London mabomu. Hata Afrika ilikaribiwa: Novemba 1917 moja iliyoitwa L59 iliondoka Bulgaria ikiwachukulia risasi na dawa askari wa Kijerumani waliopigana Afrika Mashariki, lakini ilipofika juu ya Sudan iliamriwa kwa simu ya upepo irudi.

Wells naye hakuwa mtu asiyekosa. Mwaka 1914 aliwaambia watu kwamba vita hivyo vitakomesha vita vyote, naye alikosea. Alipoona kosa lake, alitumia miaka iliyobaki kuwahimiza mataifa yaungane chini ya sheria moja. Mwaka ule ule wa 1914 alikuwa ameandika pia juu ya mabomu yatokayo katika nguvu ya atomi. Mabomu yalipoanguka London mwaka 1940, alikataa kuihama nyumba yake. Mwaka 1941 kitabu cha vita vya hewani kilipochapwa tena, aliwakumbusha wasomaji kwamba alikuwa amewaonya. Akaishi hata kusikia habari za Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945, akafa London tarehe 13 Agosti 1946.

Hivyo mwana wa mwenye duka aliona mbali kuliko wakuu wengi, kwa kuwa alisoma sana na kufikiri sana. Watu walivipenda vitabu vyake, wakavisoma kwa furaha, lakini onyo lililokuwa ndani yake hawakulishika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mataifa ni vivyo hivyo.