Imamu wa Stegman Road

Ndugu zetu wengi hapa chuoni wanamjua Malcolm X. Imam Abdullah Haron hawamjui, ingawa alizaliwa katika bara hili, akauawa humu humu.

Alizaliwa mwaka 1924 mjini Cape Town, Afrika Kusini. Mama yake alifariki angali mtoto mchanga, akalelewa na shangazi yake. Akiwa kijana alipelekwa Makka kutafuta elimu, akarudi, akaoa. Mwaka 1955, akiwa na miaka 31, akateuliwa kuwa imamu wa msikiti wa Al-Jamia, Stegman Road, mtaa wa Claremont. Alipenda raga, kriketi na sinema, na wazee wengine hawakufurahia. Vijana walifurahia sana. Mwaka 1958 walianzisha naye chama chao cha vijana wa Kiislamu, na katika darsa zake wanawake pia walikaa wakasoma.

Hapa ndipo penye swali linalotuhusu. Cape Town ilikuwa na masheikh wengi wenye elimu. Wote waliiona serikali ikiwagawa watu kwa rangi, ikiwafukuza Waislamu kwenye mitaa ya babu zao. Wengi walinyamaza, maana misikiti ilikuwa wazi na adhana haikuzuiwa. Kwa nini huyu hakunyamaza?

Mimi naona jibu moja liko kwenye kazi yake ya mkate wa kila siku. Imamu alikuwa muuzaji wa kampuni ya peremende, na kazi hiyo ilimpa njia ya kuingia Langa, Gugulethu na Nyanga, mitaa waliyotengewa Waafrika weusi. Sheria ilimhesabu yeye kuwa wa kundi jingine, lenye dhiki nafuu kidogo. Angeweza kuuza na kuondoka. Yeye alikaa, akanywa chai, akajua nani kafungwa na nani hana unga nyumbani. Watu wa Langa wakamwita Mfundisi, jina wanalowapa viongozi wa dini. Ukishaijua nyumba ya mtu na watoto wake, kunyamaza kunakuwa kugumu kuliko kusema.

Mei 1961 alisema hadharani kwamba sheria ya kugawa maeneo kwa rangi inapingana na Uislamu. Sheria hiyo hiyo ikaihamisha familia yake kutoka Claremont. Alishirikiana kwa siri na chama cha PAC kilichopigwa marufuku, akawapelekea familia za wafungwa fedha zilizotoka London. Mwaka 1968 alisafiri Makka, Cairo na London, na bintiye mkubwa alibaki London kusoma. Naye angeweza kubaki huko. Alirudi.

Polisi walimkamata tarehe 28 Mei 1969, siku ya Maulid. Sheria ya ugaidi iliruhusu kumweka mtu bila mashtaka wala wakili. Alikaa siku 123 kizuizini, akafa tarehe 27 Septemba. Polisi walidai alianguka kwenye ngazi. Mwili wake ulikutwa na michubuko zaidi ya 20 na ubavu uliovunjika. Siku ya mazishi, tarehe 29, watu wanaokadiriwa kufika 40,000 walibeba jeneza kwa miguu hadi makaburi ya Mowbray. Usiku ule tetemeko kubwa la ardhi lilipiga eneo la Tulbagh, na watu wa Cape hadi leo hawalitaji moja bila jingine. Allah ndiye Mjuzi.

Mwaka 1970 mahakama ilikubali hadithi ya ngazi. Mwaka uliofuata padri wa Kianglikana, Bernard Wrankmore, alifunga siku 67 akidai uchunguzi mpya. Alifungia wapi? Kwenye kaburi la walii wa Kiislamu, juu ya kilima cha Signal Hill. Serikali ilikataa.

Watoto wa Imamu hawakuacha kudai. Uchunguzi ulifunguliwa upya Novemba 2022, na tarehe 9 Oktoba 2023 Jaji Daniel Thulare akaifuta hukumu ya zamani, akatamka kwamba Imamu alikufa kwa mateso ya polisi. Mkewe, Bi Galiema, hakuwapo kusikia. Alifariki tarehe 29 Septemba 2019, miaka 50 kamili tangu siku alipozikwa mumewe.