Alfred Dreyfus: Kapteni aliyebambikiwa kesi ya usaliti, akasafishwa jina lakini miaka yake haikurudi

Julai 12, 1906, mahakama ya juu ya Ufaransa ilifuta hukumu ya Alfred Dreyfus, ofisa wa jeshi aliyebeba jina la msaliti kwa karibu miaka 12. Jina likasafishwa. Lakini si kila alichonyang'anywa kilirudi.

Dreyfus alizaliwa Oktoba 9, 1859 mjini Mulhouse, katika familia ya Kiyahudi. Akiwa mtoto, Ujerumani ikautwaa mji wao. Yeye akachagua Ufaransa, akaingia jeshini na kupanda hadi kapteni wa mizinga.

Kosa la mtu mwingine

Mwaka 1894, karatasi inayotaja siri za jeshi ilinaswa kutoka ubalozi wa Ujerumani jijini Paris. Wakubwa wakadai mwandiko ni wa Dreyfus. Wataalamu wa mwandiko hawakukubaliana, ila Myahudi kutoka eneo lililo mikononi mwa Wajerumani alikuwa mtu rahisi kutupiwa lawama.

Majaji wa mahakama ya kijeshi wakapelekewa kimyakimya jalada ambalo yeye na wakili wake hawakulionyeshwa. Akapigwa kifungo cha maisha.

Januari 1895 alivuliwa cheo hadharani, upanga wake ukavunjwa huku watu wakimzomea. Kisha akapelekwa Kisiwa cha Ibilisi, karibu na pwani ya Guyana ya Ufaransa. Alisota huko zaidi ya miaka minne, peke yake, walinzi wakiwa wamekatazwa kuongea naye.

Nyumbani, mkewe Lucie na kaka yake Mathieu hawakukata tamaa. Mwaka 1896, Luteni Kanali Georges Picquart wa idara ya ujasusi akagundua kumbe mwandiko ule ni wa ofisa mwingine, Esterhazy. Badala ya kupongezwa, Picquart akahamishiwa mbali. Esterhazy alipofikishwa mahakamani, Januari 1898, akaachiwa huru.

Siku mbili baadaye mwandishi Émile Zola akalilipua jeshi kwa barua ya wazi gazetini. Zola naye akahukumiwa, akakimbilia Uingereza.

Mwaka 1899 Dreyfus alirudishwa mahakamani, na kwa mara ya pili akatiwa hatiani: miaka 10. Siku 10 baadaye Rais Émile Loubet akampa msamaha. Afya ilikuwa mbovu, akaupokea, lakini akasema wazi kwamba ataendelea kudai haki yake. Msamaha ulimtoa jela, haukumtoa hatiani.

Baada ya kusafishwa

Aliposafishwa mwaka 1906, alirudishwa jeshini akiwa meja na kupewa nishani ya Légion d'honneur. Tatizo likawa kwenye hesabu. Miaka aliyokaa kifungoni haikuhesabiwa kama miaka ya kazi, hivyo wenzake walikuwa wameshampita.

Picquart, aliyekuwa ameondolewa jeshini, yeye alirudishwa na kupewa ubrigedia jenerali. Mwaka huohuo akawa waziri wa vita. Dreyfus aliomba naye arekebishiwe cheo, akakataliwa. Mwaka 1907 akastaafu.

Chuki nayo haikuisha. Juni 1908, wakati mabaki ya Zola yakihamishiwa Panthéon, mwandishi wa habari Louis Gregori alimpiga Dreyfus risasi na kumjeruhi mkono. Gregori alishtakiwa, na baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru.

Pamoja na yote hayo, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, Dreyfus alirudi kulitumikia jeshi lilelile lililomfunga. Aliondoka akiwa luteni kanali.

Alifariki Paris Julai 12, 1935, miaka 29 kamili tangu siku aliyosafishwa. Juni 2025, wabunge wa Ufaransa walipiga kura bila hata mmoja kupinga kwamba apewe cheo cha brigedia jenerali. Alikuwa na karibu miaka 90 kaburini.