Binti wa Byron na Lugha ya Ndege za Kivita

Mwanafunzi wa Kitengela huziona ndege zikiruka kutoka Embakasi, lakini ni nadra kuambiwa kwamba lugha iliyotumiwa kuziongoza baadhi ya ndege duniani ina jina la mwanamke.

Augusta Ada alizaliwa London tarehe 10 Desemba 1815. Babaye, mshairi mashuhuri Byron, alitengana na mkewe mtoto akingali mchanga, akaenda ng'ambo asirudi, akafariki mwaka 1824. Mama alimkazania bintiye hisabati. Mwaka 1833 Ada alikutana na Charles Babbage, mbunifu wa mitambo ya kupiga hesabu. Aliolewa mwaka 1835, akazaa watoto watatu, lakini hakuvitupa vitabu. Mwaka 1843 alitafsiri makala kuhusu mtambo wa Babbage, akaongeza maelezo yaliyoizidi makala yenyewe kwa urefu. Humo mlikuwa na hatua za kuufanya mtambo ukokotoe namba za Bernoulli. Wapo wanaobishania mchango wake, ila wengi humwita mtunzi wa kwanza wa programu za tarakilishi. Mtambo wenyewe haukukamilika. Ada alifariki mwaka 1852, akiwa na miaka 36.

Zaidi ya karne moja baadaye, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitambua kwamba miradi yake ilitumia mamia ya lugha za programu. Kazi iliyofanyiwa mtambo mmoja haikufaa mwingine, na gharama zikapanda. Ikaamuliwa itafutwe lugha moja, kama vile Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ilivyosanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Lugha iliyoteuliwa mwaka 1979, kazi ya kikundi cha Jean Ichbiah kutoka Ufaransa, iliitwa Ada. Waraka wa kanuni zake ukapewa nambari 1815, mwaka aliozaliwa. Ilitumika katika ndege ya kivita ya F-22 na hata katika Boeing 777 ya abiria. Amri ya kuitumia iliondolewa mwaka 1997, lakini lugha ingalipo.

Walimu wa Kajiado, hapa ndipo penye funzo. Kaunti hii imeshuhudia wasichana wakikatizwa masomo ili waozwe, na wengine wakiaminishwa kuwa hisabati ni ya wavulana. Ada aliolewa akiwa na miaka 19, wala ndoa haikumfungia mlango wa elimu. Chanda chema huvikwa pete, lakini sharti kwanza kiachwe kikue.