Thomas Jefferson

Thomas Jefferson (13 Aprili 1743 – 4 Julai 1826) alikuwa mwanasiasa na mwanasheria wa Virginia, mwandishi mkuu wa Tangazo la Uhuru wa Marekani na Rais wa tatu wa nchi hiyo kuanzia mwaka 1801 hadi 1809. Makamu wake walikuwa Aaron Burr (1801–1805) na George Clinton (1805–1809).

Alipoapishwa tarehe 4 Machi 1801, madaraka ya Marekani yalihama kwa mara ya kwanza kutoka chama kimoja kwenda kwa chama pinzani. Siku zake za kwanza zilipokewa kwa shangwe na upande mmoja, na kwa hofu na dhihaka na upande mwingine.

Maisha ya awali

Jefferson alizaliwa Shadwell, katika koloni la Kiingereza la Virginia. Baba yake, Peter Jefferson, alikuwa mpima ardhi na mwenye mashamba. Alifariki mwaka 1757 na kumwachia mwanawe ardhi pamoja na watumwa. Jefferson alisoma katika Chuo cha William and Mary mjini Williamsburg, kisha akajifunza sheria kwa George Wythe. Mwaka 1769 aliingia katika bunge la koloni.

Mwaka 1772 alimwoa Martha Wayles Skelton. Walipata watoto sita, lakini ni mabinti wawili tu waliofikia utu uzima. Martha alifariki mwaka 1782, na Jefferson hakuoa tena.

Mwaka 1776 aliandika rasimu ya Tangazo la Uhuru, lililotamka kwamba watu wote wameumbwa sawa. Hata hivyo, katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Baadaye alikuwa gavana wa Virginia (1779–1781), balozi nchini Ufaransa (1785–1789) na Waziri wa Mambo ya Nje chini ya George Washington (1790–1793).

Kuzaliwa kwa vyama

Katiba ya Marekani haikutaja vyama vya siasa. Hata hivyo, ndani ya baraza la mawaziri la Washington mlizuka mgawanyiko. Waziri wa Fedha Alexander Hamilton alitaka serikali kuu yenye nguvu, benki ya taifa na uhusiano mwema na Uingereza. Jefferson na rafiki yake James Madison walitaka madaraka zaidi yabaki kwa majimbo, na waliyaunga mkono Mapinduzi ya Ufaransa. Wafuasi wa Hamilton waliitwa Wafederali, na wale wa Jefferson Wanajamhuri. Chama hicho cha Wanajamhuri si chama cha Republican cha leo, ambacho kilianzishwa mwaka 1854.

Katika uchaguzi wa 1796 John Adams, Mfederali, alishinda, na Jefferson aliyekuwa wa pili akawa makamu wake kwa mujibu wa Katiba ya wakati huo. Mwaka 1798 Bunge lililoongozwa na Wafederali lilipitisha Sheria ya Uchochezi, iliyowezesha kuwashtaki watu waliochapisha maneno makali dhidi ya serikali. Wahariri kadhaa wa upande wa Wanajamhuri walifungwa. Makamu wa Rais hakutajwa miongoni mwa viongozi waliolindwa na sheria hiyo, kwa hiyo Jefferson mwenyewe aliweza kutukanwa bila mtu kushtakiwa.

Uchaguzi wa 1800

Kampeni ya 1800 ilikuwa na matusi mengi. Wahubiri kadhaa wa New England walidai kwamba Jefferson hamwamini Mungu na kwamba angeivunja dini. Magazeti ya Wanajamhuri nayo yalimshtaki Adams kwa kutaka ufalme.

Wakati ule kila mjumbe wa uchaguzi alipiga kura mbili bila kutenganisha nafasi ya Rais na ya Makamu. Matokeo yalikuwa Jefferson 73, Burr 73 na Adams 65. Ingawa Burr alikusudiwa kuwa makamu, kura zao zilikuwa sawa, hivyo uamuzi ukaenda Bunge la Wawakilishi, ambako kila jimbo lilikuwa na kura moja. Wafederali wengi waliona afadhali Burr kuliko Jefferson. Hamilton, hasimu mkubwa wa Jefferson, aliwaandikia wenzake akiwasihi wasimchague Burr, aliyemwona kuwa mtu asiye na msimamo.

Upigaji kura ulianza tarehe 11 Februari 1801. Mara 35 mfululizo Jefferson alipata majimbo 8 kati ya 16, huku 9 yakihitajika. Uvumi ulienea kwamba Virginia na Pennsylvania zingetumia wanamgambo iwapo Wafederali wangezuia matokeo. Tarehe 17 Februari, katika duru ya 36, baadhi ya Wafederali, akiwemo James Bayard wa Delaware, waliacha kumpinga, na Jefferson akapata majimbo 10. Marekebisho ya 12 ya Katiba, yaliyokubaliwa mwaka 1804, yaliondoa utaratibu ulioleta mkwamo huo.

Ushindi huo ulikuwa na doa. Katiba ilihesabu watumwa watano kuwa sawa na watu watatu katika kugawa wajumbe wa majimbo, ingawa watumwa wenyewe hawakupiga kura. Wanahistoria kadhaa huona kwamba bila kanuni hiyo Adams angeshinda, na Wafederali wa wakati ule walilalamika hivyohivyo.

Siku za kwanza madarakani

Adams aliondoka Washington kwa gari la farasi alfajiri ya tarehe 4 Machi, bila kuhudhuria kuapishwa kwa mrithi wake. Jefferson alitembea kwa miguu kutoka nyumba ya wageni alikopanga hadi jengo la Bunge. Aliapishwa na Jaji Mkuu John Marshall, Mfederali na ndugu yake wa mbali, ambaye hawakupatana. Sauti ya Jefferson ilikuwa ndogo na wengi ukumbini hawakumsikia, lakini hotuba ilichapwa siku hiyohiyo na gazeti la National Intelligencer. Ndani yake alieleza kwamba tofauti ya maoni si tofauti ya misingi, na kwamba wachache wana haki sawa na walio wengi.

Wanajamhuri walisherehekea katika miji mingi kwa maandamano, kengele na mizinga. Mjini Boston, gazeti la Wafederali la Columbian Centinel lilichapa tanzia ya serikali iliyoondoka, kana kwamba ni mtu aliyefariki. Husimuliwa pia kwamba katika New England kulikuwa na watu walioficha Biblia zao wakihofia zingechukuliwa. Hata hivyo, Hamilton na Marshall waliona hotuba hiyo kuwa ya upole kuliko walivyotazamia.

Sheria ya Uchochezi ilikuwa imekoma tarehe 3 Machi, na Jefferson aliwasamehe waliohukumiwa kwa sheria hiyo. Ugumu ulikuja kwenye vyeo. Karibu maofisa wote wa serikali kuu walikuwa Wafederali, na katika wiki zake za mwisho Adams alikuwa ameteua wengine wengi, wakiwemo majaji 16 wa mahakama mpya. Wanajamhuri walidai nafasi; Wafederali walidai ahadi ya upatanisho itimizwe. Jefferson alijaribu njia ya kati: aliwaacha maofisa wengi wa ngazi za chini, lakini aliuona uteuzi wa dakika za mwisho kuwa batili.

Mjini New Haven alimwondoa Elizur Goodrich, msimamizi wa ushuru wa forodha aliyeteuliwa na Adams mwezi Februari, na kumweka Samuel Bishop, mzee wa miaka 77. Wafanyabiashara wa mji walipinga kwa maandishi. Mwezi Julai Jefferson aliwajibu kwamba chama kilichoshinda kinastahili sehemu yake ya vyeo. Jibu hilo liliwakasirisha Wafederali, na Wanajamhuri wenye haraka nao hawakuridhika na kasi yake.

Hati za uteuzi za mahakimu kadhaa zilikuwa zimepigwa mhuri lakini hazijafikishwa kwa wenyewe, na Jefferson aliagiza zizuiwe. William Marbury, mmoja wa walionyimwa, alikwenda mahakamani. Hukumu ya Marshall ya mwaka 1803 ilithibitisha uwezo wa Mahakama ya Juu kubatilisha sheria inayokiuka Katiba.

Pigo jingine lilitoka upande wake mwenyewe. James Callender, mwandishi aliyesamehewa na Jefferson, alitaka cheo cha mkuu wa posta wa Richmond akanyimwa. Mwaka 1802 alichapisha habari kwamba Jefferson alizaa na mtumwa wake, Sally Hemings. Baada ya uchunguzi wa DNA wa mwaka 1998, wanahistoria wengi wanakubali kwamba Jefferson alikuwa baba wa watoto wa Hemings.

Urais wa baadaye

Mwaka 1803 serikali yake ilinunua Louisiana kutoka Ufaransa kwa dola milioni 15, na eneo la nchi likawa karibu mara mbili. Mwaka 1804 alichaguliwa tena kwa kura 162 dhidi ya 14. Alitia sahihi sheria ya kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kutoka ng'ambo kuanzia 1 Januari 1808. Marufuku yake ya biashara ya nje ya mwaka 1807 iliziumiza sana bandari za Marekani na kufutwa mwaka 1809.

Miaka ya mwisho

Jefferson alistaafu Monticello, nyumba aliyoichora mwenyewe, na mwaka 1819 akaanzisha Chuo Kikuu cha Virginia. Mwaka 1812 yeye na Adams walipatana, wakaandikiana barua hadi mwisho wa maisha yao. Wote wawili walifariki siku moja, tarehe 4 Julai 1826, miaka 50 baada ya Tangazo la Uhuru.

Aliacha madeni makubwa. Katika wosia wake aliwaacha huru watumwa watano tu, wote wa ukoo wa Hemings. Mwezi Januari 1827 watumwa wengine wapatao 130 wa Monticello walitangazwa kuuzwa kwa mnada, na familia nyingi zikatenganishwa.