Inge Edler: Daktari aliyeazima chombo cha karakana ya meli kuchunguza moyo

MZAZI wa Mutomo au Kibwezi ambaye mtoto wake anashukiwa kuugua vali za moyo huelekezwa akampime eko, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha moyo ukipiga. Si wengi wajuao kwamba kipimo hicho kilitokana na chombo kilichoazimwa katika karakana ya meli nchini Uswidi, zaidi ya miaka 70 iliyopita.

Aliyekiazima ni Dkt Inge Edler, akishirikiana na mwanafizikia mmoja kijana.

Edler alizaliwa Machi 17, 1911, kusini mwa Uswidi. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Lund mnamo 1943, na kufikia 1950 alikuwa akisimamia maabara ya moyo katika hospitali ya chuo hicho.

Wakati huo wapasuaji walikuwa wameanza kupanua vali iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo. Vali hiyo huharibiwa na homa ya baridi yabisi, maradhi ambayo huanza kwa mtoto kuumwa koo tu. Upasuaji huo uliwafaa wagonjwa ambao vali zao zilikuwa zimebana. Wale ambao vali zao zilikuwa zikivuja, ungeweza kuwaongezea madhara. Jukumu la kuwatenganisha lilimwangukia Edler, naye hakuwa na njia ya kuaminika. Eksirei haikumwonyesha vali yenyewe, na hata mrija uliopenyezwa moyoni kupitia mshipa haukumwondolea shaka.

Aliwahi kufikiria rada. Ndipo mnamo 1953 akakutana na Hellmuth Hertz, mwanafizikia aliyezaliwa Ujerumani na ambaye alikuwa amewahi kuwa mfungwa wa vita mikononi mwa Wamarekani. Msikilizaji wa redio analijua jina hilo: kipimo cha masafa ya mawimbi kilipewa jina la Heinrich Hertz, wa ukoo huo huo.

Wawili hao walikwenda katika karakana ya meli ya Kockums mjini Malmö, kulikokuwa na chombo cha kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Hertz alijiwekea chombo hicho kifuani, na alama ikacheza kwenye kioo kwa kufuata mapigo ya moyo wake. Baadaye kampuni ya Siemens iliwakopesha mtambo, na Oktoba 29, 1953, wakanasa kwa mara ya kwanza mwendo wa moyo wa binadamu aliye hai kwa njia hiyo.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Kwa miaka kadhaa Edler aliamini kwamba alama fulani ilitoka kwenye ukuta wa chumba cha juu cha moyo. Ni baada ya kuchunguza maiti ndipo alipotambua kuwa ilikuwa vali yenyewe, ile ile aliyokuwa akiitafuta tangu mwanzo. Iliyobana ilionekana ikifunga polepole. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kulikubali kosa hilo kuliufaa udaktari kuliko ule mtambo.

Edler alistaafu mnamo 1977, mwaka ambao yeye na Hertz walitunukiwa Tuzo ya Lasker nchini Marekani. Hertz alifariki 1990. Edler alifuata Machi 7, 2001, akikaribia kutimiza umri wa miaka 90.

Siku hizi eko hufichua hitilafu kabla mgonjwa hajaanza kutweta au kuvimba miguu. Kaskazini mwa Uganda, utafiti uliochapishwa 2021 ulifuatilia watoto na vijana 818 ambao eko ilikuwa imeonyesha dalili za mwanzo tu. Baada ya miaka miwili, vali zilizidi kuharibika kwa asilimia 0.8 ya waliodungwa penisilini, ikilinganishwa na asilimia 8.2 ya wale ambao hawakudungwa.

Sindano hiyo hutolewa kila baada ya wiki nne. Lakini ili aandikiwe, mtoto wa Mutomo au Kibwezi sharti kwanza ampate mtu wa kumlaza kitandani na kuisoma picha ya moyo wake, angali akikimbia na wenzake uwanjani.