Gustave Moreau: Mchoraji aliyempa Salome sura mpya

Msomaji wa Biblia mtaani Kipsongo, mjini Kitale, akifungua Injili ya Marko sura ya 6, atamkuta binti wa Herodia aliyecheza mbele ya Mfalme Herode, kisha kwa agizo la mamaye akaomba kichwa cha Yohana Mbatizaji. Jina la binti huyo hatalipata hapo. Jina Salome limetoka kwa mwanahistoria wa Kiyahudi, Josephus. Sifa yake ya mwanamke mshawishi ilienezwa mno na wasanii wa karne ya 19, akiwemo mchoraji Mfaransa Gustave Moreau.

Moreau alizaliwa jijini Paris Aprili 6, 1826, akiwa mwana wa msanifu majengo. Kati ya 1857 na 1859 aliishi Italia akinakili kazi za mabingwa wa kale. Alikuwa mpenda upweke, na aliishi na mamaye hadi mama huyo alipofariki mwaka 1884.

Mwaka 1876 alionyesha jijini humo mchoro wa rangi za maji uitwao L'Apparition, yaani Njozi. Kichwa cha Yohana kinaelea hewani, kiking'aa na kuchuruzika damu, naye Salome, mwili umejaa vito, amekinyoshea mkono. Binti aliyetumwa na mamaye akawa mwanamke anayekabiliana na dhambi yake mwenyewe.

Mwandishi Joris-Karl Huysmans aliueleza mchoro huo kwa kina katika riwaya yake ya 1884. Maelezo hayo yalimvutia Oscar Wilde, aliyeandika tamthilia ya Salome kwa Kifaransa mwaka 1891. Mwaka uliofuata ilipigwa marufuku London, ambako wahusika wa Biblia hawakuruhusiwa jukwaani.

Mtunzi Mjerumani Richard Strauss aliigeuza tamthilia hiyo kuwa opera, iliyoimbwa mara ya kwanza Dresden Desemba 9, 1905. Humo Salome anakibusu kichwa kilichokatwa, jambo ambalo Injili haisemi. Wadhibiti wa Vienna waliikataa, na mwaka 1907 jumba la Metropolitan, New York, liliiondoa baada ya onyesho moja.

Moreau hakuyaona hayo. Baada ya kuwafundisha Henri Matisse na Georges Rouault, alifariki Aprili 18, 1898. Nyumba yake, pamoja na maelfu ya michoro, aliiachia taifa la Ufaransa, nayo ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1903. L'Apparition imo katika hazina ya makumbusho ya Orsay, Paris.